Konokono wa Miiba Katika Jiwe la Ikola

Harufu ya dagaa waliotandazwa mchangani ndiyo iliyotuamsha Ikola, kijiji chetu cha kando ya ziwa, kila asubuhi ya kiangazi. Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa darasa la tano, na shule ilikuwa inajenga darasa jipya. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mawe kutoka mlimani. Nilipanda na dada yangu Skola mpaka kwenye korongo ambako ukigeuka unaliona ziwa lote chini yako. Hapo jiwe likaniponyoka, likapasuka, na ndani yake nikamwona konokono mzima, mizunguko na miiba yake yote, amegeuka jiwe. Nilipiga kelele mpaka mbuzi waliokuwa karibu wakatimka.

Mwalimu wetu wa sayansi, mzaliwa wa Tanga, alilipokea kwa mikono miwili. "Huyu ni wa baharini! Nyie watoto, bahari ilifika hapa!" Darasa zima likashangilia. Mimi nikanyoosha mkono. "Hapana, mwalimu. Huyu ni wa ziwani, nimewahi kumwona kwenye nyavu." Skola, aliyekuwa akichungulia dirishani, akafumba macho. Mwalimu akaliweka jiwe mezani. "Mlete basi huyo wa ziwani. Usipomleta, utajibu kwa kunibishia mbele ya wenzako."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku mbili niliinama kwenye kila wavu wa kokoro ulioanikwa ufukweni, nikipekua matope na majani, mgongo ukiwaka. Wavuvi walinicheka. Siku ya pili jioni mama aliacha dagaa wake akaja kuinama pamoja nami. "Mwanangu, hao hukaa kwenye matope ya kina kirefu," alisema. "Tafuta nyavu zilizozama sana." Naye ndiye aliyemwona: mweupe, mwepesi kama ganda la yai, na miiba imemzunguka kama taji.

Asubuhi niliwaweka konokono hao wawili, wa jiwe na wa ziwani, mezani bega kwa bega. Mwalimu alihesabu mizunguko, akapima miiba kwa rula, akahesabu tena. Kisha akacheka kwa sauti kubwa. "Umenishinda, binti. Basi ziwa ndilo lililokuwa kule juu!" Tulitoka mbio, darasa zima na mwalimu wetu, tukasimama uwanjani kuutazama mlima kana kwamba umeota hapo usiku ule.

Siku hizi mwanangu hupiga picha ya kitu chochote, na simu humtajia jina kabla hajakigusa. Namfurahia. Mimi jina la konokono yule la kitaalamu nilikuja kulisoma ukubwani, na nilipolisoma niliona kama nimetambulishwa kwa mtu ninayemjua tangu zamani.