Nilivyokwama na Pikapu Mpya Uani kwa Wakwe

Heri niseme mwenyewe, maana najua wengi wenu mmeiona ile video na wengine mmeituma hadi Bungoma, mama yangu akanipigia simu kuuliza kama ninaumwa. Ndiyo, yule bwana wa suti ya kijivu aliyezama kwenye theluji hadi magotini huku akilipiga gari lake teke ni mimi, Wekesa wa Brooklyn Park huku ughaibuni, na gari lenyewe lilikuwa na wiki tano tu tangu nilinunue.

Lilikuwa pikapu kubwa jeusi ambalo mke wangu hulipanda kama anayepanda mti, na nililinunua kwa sababu muuzaji aliniambia lina four-wheel, ukibonyeza kitufe magurudumu yote manne yanavuta pamoja na theluji inakuwa kama zulia. (Mimi ni muuguzi katika makao ya wazee. Sibebi mbao, sibebi ng'ombe. Mzigo mzito kuliko yote niliowahi kuutia humo ni gunia la mchele.) Lakini niliamini, na mbaya zaidi nikaanza kuhubiri, nikimkuta mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake dogo namwambia, "Pole ndugu, ipo siku na wewe utanunua gari."

Basi ndugu yangu mdogo Wafula akapata mchumba, Mghoi, binti wa Mzee Mwakio, Mtaita anayeishi kule Eden Prairie. Jumamosi ya kwenda kujitambulisha na kuzungumza mahari tukaamka theluji imejaa kila mahali. Wafula akasema twende na gari lake, ni dogo lakini lina matairi ya kukanyagia theluji, taratibu tutafika. Nikacheka. "Wazee utawapakia kwenye kikopo?" Tukapanda pikapu: mimi, Wafula, ami yetu Barasa ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, na Shangazi Naliaka aliyevaa viatu vya wazi, kwa kuwa mimi nilimwahidi kumshusha mlangoni.

Barabara kuu ilikuwa imeshasafishwa na kutiwa chumvi, hata toroli lingepita, lakini mimi nilijisifu njia nzima. Tulipofika, magari ya wageni yalikuwa yamepangwa vizuri kando ya barabara na nafasi moja iko wazi kabisa. Ningepaki pale leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Ila niliwaona shangazi zake Mghoi, watatu, wanatoka barazani na vitenge vyao na vigelegele, na binamu yao mmoja anarekodi kwa simu, ndipo Ibilisi akanong'ona: wapitishe wazee juu ya nyasi, uwafikishe hadi kizingitini.

"Kaka, paki hapa," Wafula akasema.

Dirisha langu lilikuwa wazi. "Shikeni roho!" nikapaza sauti ili na wakwe wasikie. "Hii haijui bustani wala barabara!"

Nikabonyeza kitufe. Taa ya njano ikapepesa. Nikabonyeza tena, dashibodi ikaandika kwamba four-wheel inahitaji kukaguliwa, na mimi sikukagua kitu kwa sababu nilikuwa nimeshapanda tuta la theluji lililoachwa na gari la kusafishia barabara. Mbele kukazama, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, yale ya mbele yametulia kama wageni waalikwa. Nikaongeza mafuta (mjinga huongeza mafuta), pikapu likateleza upande, likaangusha sanduku la barua la Mzee Mwakio pamoja na nguzo yake, mkia ukageuka kuelekea barazani, nami bado nimekanyaga, basi tope la theluji, chumvi na nyasi likaruka lote kwa wale shangazi. Vigelegele vikakatika. Yule mkubwa alikuwa bado ameachama.

Ami Barasa akaniuliza polepole, "Wekesa, tumekuja kuomba binti au kuvamia?"

Nikashuka nikazama, nikalipiga teke, na hiyo ndiyo sehemu mnayoipenda. Shangazi Naliaka na viatu vyake akabebwa mgongoni na mjomba wa Mghoi, mkwe kubebwa na mkwe kabla hata ya salamu, jambo ambalo kwetu halina jina. Wanaume wa upande wa pili wakatusukuma na suti zao. Pikapu halikusogea. Hatimaye Mzee Mwakio akatoka na mfuko mkubwa, akamwaga mchanga chini ya magurudumu.

"Huu ni wa paka wangu, mwanangu," akasema. "Huutumia kwa haja zake. Na wewe una shida, utumie."

Likatoka mara moja. Gari la fahari, limeokolewa na choo cha paka!

Ndani, kila Ami Barasa alipotaka kubishania mahari, shangazi mmoja alijipangusa tope shingoni, naye ami akakubali. Tulianza na sanduku la barua, tukamalizia na ng'ombe. Wafula alirudi nyumbani kwa teksi.

Jumatatu nikaenda nilikonunua, waranti mkononi, ile dhamana ya kutengenezewa gari bure, kichwa juu. Kijana wa mapokezi akanipeleka kwa mtu wa waranti, bwana mpole wa miwani, nikamwonyesha video kama ushahidi kwamba magurudumu ya mbele hayakuzunguka kabisa. Aliitazama mpaka mwisho. Akairudisha mwanzo. Kisha akasema kwa Kiswahili safi cha Dodoma:

"Pole sana, kaka. Ila hapa nakusikia mwenyewe ukisema haijui bustani. Uliingia bustanini kwa kusudi, na sanduku ukagonga. Waranti inahusu matumizi ya barabarani."

"Mbona kwenye tangazo linapanda mlima wa barafu, mbwa ameketi nyuma?"

"Tangazo ni tangazo, kaka. Samahani sana."

Angenitukana ningejua la kufanya. Nimeandika barua tatu, nimejibiwa tatu zenye maneno yaleyale, hata nukta ziko palepale. Wanakuuzia gari la theluji, ukilipeleka kwenye theluji wanakuita mkosaji. Nililitengeneza kwa hela zangu, kiasi gani msiniulize.

Wafula alinisamehe, ingawa harusini nilipewa kazi ya kugawa soda na nikaambiwa nisiguse ufunguo wowote. Nami nimeapa: sitasifu tena chombo ambacho sijakijaribu, na nikienda kwa watu nitapaki walipopaki wenzangu, nishuke, nitembee, nibishe hodi mlangoni kama mtu aliyelelewa.