Mkono wa Mama Yangu

Siku moja naikumbuka sana, mwanangu, ingawa kwa umri huu sijui tena kama naikumbuka au naiota. Nikifumba macho baada ya sala ya alasiri, huku bodaboda zikipita hapo nje na makelele yao, narudi kwenye chumba kile. Harufu ya udi hunijia kwanza, chumba chenyewe kinafuata. Kwa hiyo nivumilie nikipotea kidogo njiani. Umekuja kunilalamikia kwamba mwanao amechukua ukaidi wa baba yake, kwamba ni damu, na damu haina dawa. Haya, kaa. Uji wako utapoa, lakini uji baridi haujaua mtu.

Nilikuwa mwali. Nyinyi mnavunja ungo leo na kesho mko darasani, sisi tuliwekwa ndani. Hutoki, jua hulioni, wanaume hawakuoni, na sauti yako haivuki mlango. Unafundwa na somo wako, mwanamke mtu mzima aliyechaguliwa na familia, naye anakufundisha usafi, adabu, mambo ya ndoa na kazi za mikono. Somo wangu aliitwa Bi Tatu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amewafunda wanawake wengi wa hapa Dunda, wakiwemo wengine waliokuwa wakijifanya hawamwogopi.

Chumba kilikuwa cha Shangazi Zaina, dada yake baba. Yeye ndiye aliyenilea, kwa sababu baba alikuwa shamba Fukayosi na mama hakuwepo. Mama alituacha ningali mdogo, hata sura yake siijui. Alitoka asubuhi na ndoo kwenda kisimani. Watu wakasema walimwona Chalinze akipanda basi la kwenda bara, na habari zake zikaishia hapo.

Sasa, mimi nilizaliwa natumia mkono wa kushoto, na Shangazi alikuwa akinifunga mkono huo kwa kipande cha kanga. Usimdhanie ubaya. Alinipenda, na samaki alipokuwa mmoja, kipande kizuri kilikuwa changu. Kula kwa kushoto kwetu ni aibu, hilo unalijua, lakini hofu yake ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mama yangu naye alikuwa wa kushoto. Kila niliposhika kijiko au ufagio, Shangazi alimwona wifi yake, akaogopa kwamba na mimi siku moja nitachukua ndoo na nisirudi.

Basi nikakaa mle ndani nimefungwa, nikijifunza kusuka ukili wa mikeka kwa mkono wa kulia pekee, na ukili wangu ulikuwa kichekesho. Mchana ulikuwa mrefu mle chumbani. Mwanga ulipenya kwenye makuti, ukatembea taratibu ukutani mpaka ukapotea, na mimi nililala na kuamka bila kujua lipi ni lipi. Sauti za uani zilinifikia kama zinatoka mbali. Mara nyingine niliutazama ule mkono ndani ya kanga yake, nikajiambia kwamba hiki ndicho kitu pekee cha mama nilicho nacho. Nilikuwa nikiupenda na kuuogopa kwa pamoja.

Siku ninayokwambia, alikuja mama wa kijana aliyetaka kunioa. Waliketi uani, yeye na Shangazi, na maneno yakapita ukutani yakaja mpaka kwenye kitanda changu.

"Nasikia anatumia mkono wa mama yake," alisema yule mgeni.

"Tumeshamfunga," Shangazi akajibu haraka.

"Mkono mtafunga. Na miguu je?"

Na mimi mle ndani, mwanangu, nikaitazama miguu yangu. Nakwambia kweli, niliiogopa. Niliona kwamba mgeni huyu amenijua kuliko ninavyojijua, kwamba kuondoka kumo mwilini mwangu kunangoja siku yake, na kwamba hata nikiolewa nitakuja kuwaacha watoto wangu kama nilivyoachwa. Nililia, na kwa kuwa mwali hatoi sauti, nililia kimya.

Bi Tatu aliingia na kikombe cha maji ya moto, akanikuta katika hali hiyo. Aliyasikia maneno kama nilivyoyasikia. Akakiweka kikombe chini, akakaa kando yangu, akaifungua ile kanga. Kisha akainuka na kuufungua mlango wa uani, mimi nikibaki nyuma ya pazia.

"Zaina," alisema, "mama wa huyu mtoto nilimfunda mimi. Na mkono nilimfunga mimi."

Akatoka mpaka uani, akasimama mbele yao.

"Nilimfunga mkono, nikamfunga na mdomo. Alipotaka kusema nilimwambia mke mwema hasemi. Alipoonewa nikamwambia avumilie. Alipokuja kwangu analia, kabla hata hajaanza kusema, nikamrudisha kwa mumewe. Kutumia kushoto alizaliwa nako. Kuondoka tulimfundisha sisi, kwa sababu hatukumwachia njia nyingine ya kutuambia amechoka."

Shangazi alianza kulia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa huyu nimfanyeje, Bi Tatu?"

"Kula atakula kwa kulia, hiyo ni adabu, nitamfundisha na atajifunza. Kusuka mwache asuke kwa mkono aliopewa na Mungu wake. Na kusema nitamfundisha pia, nilikosea mara moja, sirudii." Akamgeukia mgeni. "Nawe, dada yangu, kamwambie mwanao mwali huyu akichoka atasema. Kama anataka mke wa kunyamaza, atafute nyumba nyingine."

Mgeni aliaga kwa heshima, akaenda zake. Tulidhani posa imekufa. Baada ya muda wakarudi, na nikatolewa ndani na kuolewa, kwa ngoma na vigelegele, na ukili niliosuka ukapata sifa ambazo sikuzizoea.

Ila usinione malaika. Ukali wa mama ninao, kila mtu wa hapa atakwambia. Na ile hamu ya kuondoka ilikuja pia, kama yule mgeni alivyosema. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, ninatwanga mpunga wa nyumba nzima, na mawazo yangu yalishafika Chalinze, yalishapanda basi. Nikauacha mchi ukasimama kwenye kinu. Nikasema, mbele ya mume wangu na mama yake, "Nimechoka. Msiponisaidia nitaondoka."

Aliyeinuka ni mama mkwe, yuleyule aliyeulizia miguu yangu. Alimtoa mtoto mgongoni mwangu, akamfunga mgongoni mwake, akachukua mchi na kutwanga. Hakunitazama. Alipomaliza kinu kile akasema, "Kalale, mwanangu." Nikalala mpaka magharibi, na sikuondoka.

Kwa hiyo mwanao mkaidi, na ukaidi ni wa baba yake, sibishi. Umemzaa nao na utaishi nao. Mzoeshe adabu, kwa sababu adabu haiji na tumbo. Lakini alichozaliwa nacho usikifunge kwa hofu yako, na usimwambie kila siku atakuwa kama fulani, maana mtoto huamini anachoambiwa, nami nilishaamini. Ukiona tabia ya kutisha, kabla hujasema ni damu, jiulize nyumba yako inamfundisha nini kwa kimya chake. Mfundishe kusema, nawe ujifunze kusikiliza, na hilo la pili ndilo gumu, hata kwangu.

Mwenyezi Mungu akukuzie huyo mtoto. Amjalie ulimi wa kukwambia amechoka, na wewe akujalie moyo wa kuinuka na kumtwangia. Amina. Sasa kanywe uji wako.