Kitanda cha chini kimelipiwa

Leo asubuhi nimelipiwa nauli ya treni na mtu niliyemzika.

Mnanijua. Nilianza na ndoo moja ya nyanya, situpi shilingi. Mabasi yamepandisha nauli, yanasingizia mvua za Elnino, basi nikaenda stesheni ya Voi wiki mbili mapema kukata tiketi ya daraja la tatu ya Nairobi.

Karani akafungua kitabu chake.

"Mzee, umeshalipiwa. Daraja la pili, vitanda viwili. Wewe juu, dada yako chini."

"Dada gani?"

"Wakio. Ametoka hapa sasa hivi. Amesema safari hii usijinyime."

Wakio tulimzika kijijini Wusi mwezi wa nne.

Na neno hilo ni lake. Nilipompeleka hospitali Nairobi aliniomba kitanda cha treni, nikamkatalia. Akacheka: "Jinyime tu, kaka. Hata jeneza langu utatafuta la bei nafuu." Akakaa kwenye benchi la daraja la tatu mpaka Nairobi, na mgongo wake ule.

Msinilaumu. Hesabu zilikuwa sawa.

(Jeneza? Ndiyo, nilitafuta.)

Nikatoka nje kuangalia. Hakuna mtu, reli tupu pande zote mbili.

Nikarudi dirishani nikalipa daraja la tatu. Safari moja, nauli mbili, mimi!

Nyinyi mngelala hapo juu? Semeni ukweli.

Karani akauliza kama aviuze vile vitanda.

Nikamwambia auze cha juu. Cha chini akiache, mwenyewe anaumwa mgongo.