Vikombe Viwili vya Chai ya Mkwe

Nilipoolewa Bungoma, kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata sijaonyeshwa pa kukaa. Tulifika kwa wakwe zangu karibu na Myanga, nikamwona baba mkwe akitoka zizini, nikamkimbilia nimenyoosha mkono, kama tulivyolelewa sisi Wakikuyu wa Kitale. Mzee alirudi kinyumenyume, akazunguka ghala la mahindi, akapotea. Wifi yangu alicheka mpaka akaketi chini.

"Si umemfukuza mzee kwake, bana!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baadaye nilijifunza. Huko mkwe hapewi mkono, na mama mkwe na mume wa binti yake ndio kabisa: hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Nilijifunza na Kibukusu, lugha ya wakwe zangu, kwa ubishi zaidi kuliko kwa upendo, na ndicho kilichonipa kazi ya ukalimani katika mahakama ya Kitale. Kazi hiyo ina sharti moja gumu: anachosema mtu, unakisema kana kwamba ni wewe. Akisema "niliiba", nawe unasema "niliiba". Nimeiba ng'ombe wengi sana mbele ya jaji.

Na nimewaua wanawake. Wanaume walioua wake zao, wengi niliowatafsiria walisema jambo lile lile: alinichokoza. Sheria inawasikiliza. Mtu akichokozwa ghafla, akaua kabla hasira yake haijapata nafasi ya kupoa, huhesabiwa ameua bila kukusudia, na adhabu hupungua. Nilikuwa nikiyatafsiri maneno hayo huku nimeuma meno.

Katika kesi ninayoikumbuka kuliko zote, mshtakiwa alikuwa mkulima. Mkewe alikuwa amemkimbia na kupanga chumba nje kidogo ya Kitale. Mshtakiwa alisema alimfuata kumbembeleza, mke akamwambia yeye si mwanamume, akaona giza, na panga la kukatia kuni lilikuwa pale mlangoni. Upande wake ulishikilia kwamba yote yalitokea kwa dakika moja.

Shahidi aliyengojewa alikuwa mama wa marehemu, mkulima kutoka Naitiri. Aliingia kwa upande upande, leso ameivuta ikafunika shavu lililoelekea kizimbani alipokuwa mshtakiwa. Mawakili walidhani ni majonzi. Mimi nilijua ni heshima, na ilinikera. Heshima gani tena, kwa mtu huyo?

Alisema, na mimi nikasema kwa kinywa changu:

"Asubuhi ya siku aliyouawa binti yangu, mkwe wangu alikuja kwangu. Nilikuwa jikoni. Alisimama uani, akasema binti yangu amempigia simu akamwambia si mwanamume, na leo atamwonyesha. Nikamwambia kupitia ukutani, kaa kwanza, kunywa chai, hasira itulie. Niliweka kikombe kizingitini nikarudi ndani. Akanywa. Akaomba cha pili. Mvua ikanyesha, akangoja chini ya paa la nje mpaka ikakatika. Akasema, asante mama, chai ilikuwa tamu. Nikadhani amepoa. Ndiyo maana sikumpigia mtoto wangu simu."

Hapo ndipo kesi nzima iliposimama. Kama ni kweli, lile tusi lilikuwa na saa kadhaa tayari, na halikuwa la ghafla tena. Wakili wa mshtakiwa aliliona hilo haraka.

"Mama, ulimwona uso?"

"Sikumwona. Mimi simwangaliagi."

"Kwa hivyo ulisikia tu sauti ya mwanamume."

"Ya mkwe wangu."

"Tangu amwoe binti yako, umewahi kumtazama usoni hata siku moja?"

"Hapana."

Wakili alimgeukia jaji akitabasamu. Heshima iliyomficha mama huyu uso wa mkwewe ilikuwa inaelekea kumponza binti yake mara ya pili, na mimi ndimi niliyekuwa nikiitamka.

Mama aliishika leso, akaishusha mabegani, akageuka mwili mzima kuelekea kizimbani. Akamtazama. Nimeishi na Wabukusu miaka mingi na sijawahi kuona jambo kama lile. Karani aliyekuwa akiandika, Mbukusu naye, aliacha kalamu.

Na mshtakiwa je? Aliinama upesi, akageuzia uso ukutani na kujiziba kwa kiganja, kama mkwe mwenye adabu zake.

"Ni yeye," mama alisema. Hakupaza sauti. "Mwoneni. Hata sasa anajua kujizuia. Siku ile pia alikuja na hasira, lakini hakuvuka mlango wa jikoni kwangu. Alisimama pale mkwe anaposimama. Hasira yake ilinijua mimi ni nani. Mbona haikumjua mtoto wangu?"

Niliyatafsiri maneno hayo. Sauti ilikuwa yangu, lakini ujasiri ule haukuwa wangu, na nilijiona mdogo kama siku ile ya ghala la mahindi. Wakili aliketi.

Siku ya hukumu nilikaa kando ya mama, nikimnong'onezea. Jaji aliukataa utetezi wa kuchokozwa. Alisema hasira ya mshtakiwa ilikuwa imepata muda wa kutosha kupoa, na kwamba haya yalikuwa mauaji ya kukusudia. Nilifurahi waziwazi, nikamfinya mama mkono.

Yeye alikuwa akiviangalia viganja vyake.

"Mwanangu, jaji anasema ilikuwa imepoa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ile chai ilimtuliza kweli. Ningemwacha aende na moto wake, watu wangemwona njiani wakamshika."

Jaji alikuwa ameshainuka. Hakuna aliyeniomba nitafsiri, kwa hivyo maneno hayo hayamo kwenye faili.