Sikio la Kushoto la Randa

"Dada, mbona huyo kijana wako akiitwa anageuza kichwa kama kuku?" jirani yangu aliniuliza siku moja tukianika nguo.

Nikacheka. "Ni kelele za mashine za useremala, jirani."

Huyo ni mtoto wa kaka yangu, nimemlea mwenyewe. Ana miaka ishirini na miwili. Mtaani wanamwita Randa, kwa jinsi anavyopenda kulainisha mbao. Alipotokwa damu puani, nilisema ni vumbi la mbao. Uvimbe ulipoota shingoni, nilisema ni kubeba mbao begani, nikawa namkanda kwa maji ya moto kila jioni huku nikimwombea. Nilikanda miezi saba. Sala ilikuwa njema, lakini hospitali sikumpeleka, Mungu anisamehe.

Hatimaye nilipompeleka, daktari alimwingizia kamera nyembamba puani, akakata kinyama kikapimwe. Akatuambia ni saratani nyuma ya pua, ya nadra, inayohusiana na kirusi ambacho wengi wetu tunacho bila kuumwa.

"Mngewahi, mama, huenda isingefika shingoni," akasema kwa upole. Upole ule uliniuma zaidi.

Alipigwa mionzi wiki saba, na dripu za dawa. Mate yalimkauka. Uvimbe umekwisha, ila sikio la kushoto halisikii tena.

Jana nilikaa kando ya kitanda chake, nikamwomba radhi, nikaanza kusali. Akanishika mkono.

"Shangazi, hamia kulia. Niombee upande ninaosikia."