Bwana Taratibu wa Mashineni

Enzi zetu pale Runzewe, sinema haikuwa na saa. Ilianza pale mkanda wa injini ulipovuliwa kwenye mashine ya kusaga na kuvishwa kwenye dinamo. Injini ilikuwa moja tu, ya dizeli, na ilikuwa na kazi mbili: tangu asubuhi ilisaga mtama na mahindi ya mji mzima, na Jumamosi alasiri iliwasha runinga. Kama hukuwahi kusagiwa, ulikalia debe lako mlangoni ukangoja video iishe, na hakuna mama aliyeweza kukugombeza kwa kuchelewa, kwa sababu unga haukuwa tayari. Sisi wasichana tulilijua hilo. Siku nyingine tulikimbilia mashineni ili tuwahi kurudi kucheza rede, mchezo wetu wa kukwepa mpira. Jumamosi tulitembea kama wagonjwa, ili tukute foleni ndefu.

Banda lilikuwa la mabati, na ndani mlikuwa na harufu tatu ambazo sijazikuta tena mahali pamoja: dizeli, unga wa moto na jasho la wachimbaji wa dhahabu waliorudi mjini kupumzika. Mabenchi ya mbele yalikuwa yao. Sisi tulisimama mlangoni na michembe mfukoni, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Kipande kimoja cha mchembe, kikiwa kimekauka vizuri, kilitafunika tangu mwanzo wa video hadi mwisho wake, na taya zikauma hadi Jumapili. Vumbi la unga lilitanda kila mahali, hata kwenye kioo cha runinga, hivyo watu wote wa Ulaya walionekana kama wametoka kusaga. Masele alikuwa akifuta kioo kwa mkono wa shati, unga ukahamia upande wa pili.

Masele ndiye aliyeendesha mashine, na ndiye aliyekuwa mkalimani. Alikuwa mchimbaji zamani, mguu ukavunjika, akarudi. Alisimama kando ya runinga na kijiti, akituambia kwa Kiswahili kila kilichosemwa. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hakikumzuia. Mtu wa kwenye video angehutubia mpaka jasho limtoke, na Masele angesema, "Anakataa." Mwingine angetamka neno moja tu, na Masele angeeleza kwamba huyu bwana anadai ng'ombe wa mahari warudishwe kwa sababu bibi harusi alishaonekana sokoni na mwanamume mwingine.

"Masele, hayo yote kayasema saa ngapi?" mchimbaji mmoja angeuliza.

"Kiingereza kinabana maneno, bwana. Ukikifungua kinajaa debe."

Mhusika mkuu tulimwita steringi, ambaye kwa ulimi wetu wa Kisukuma alikuwa stelingi. Kanuni ilikuwa moja na kila mtoto aliijua: stelingi hafi. Wa kufa ni adui. Na adui wetu, video baada ya video, alikuwa Mwingereza mmoja mrefu mwenye kidevu kirefu na sauti iliyotoka chini kama ya ngoma kubwa. Jina lake lilikuwa likipita mwanzoni kwa maandishi ya haraka, na hakuna aliyewahi kulikamata. Tulimwita Bwana Taratibu. Alitembea taratibu na kuongea taratibu, na hata alipotaka kumuua mtu alimaliza kwanza chai yake, akaweka kikombe kwenye kisahani bila kugonga. Kiingereza chake ndicho cha kwanza nilichokielewa maishani. Mwalimu wetu alikuwa akitufundisha lugha hiyo kwa Kisukuma, na kwa fimbo.

Tatizo la Bwana Taratibu ni kwamba alikufa sana. Alipigwa risasi, alisukumwa darajani, aliwekewa sumu kwenye chai hiyohiyo. Jumamosi moja mashua ilimzamia, maji yakamfunika mpaka kofia ikabaki peke yake inaelea. Jumamosi iliyofuata akaingia mlangoni mkavu, na zaidi ya hapo alikuwa kijana. Nywele zilizokuwa nyeupe zilikuwa nyeusi. Leo najua kwamba kanda zilitufikia bila mpangilio, kwa basi lililoleta chochote kilichopatikana Mwanza. Wakati huo tulikaa kando ya uzio wa minyaa, mchezo wa rede umesimama, tukalijadili jambo hilo kwa makini kuliko somo lolote la shule. Tukakubaliana kwamba Ulaya kuna dawa.

Nililichukua kwa uzito kuliko wenzangu, nami nilikuwa na sababu. Baba alikuwa ameondoka baada ya kupanda pamba, kwenda machimboni upande wa Geita, na alisema angerudi kabla ya kuuza. Pamba ilikomaa, ikachumwa, akawa hajarudi. Kisha dereva wa lori akaleta habari kwamba duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, lilibomoka tangu mvua za masika, na waliokuwa chini hawakutoka. Majina hakuyajua. Alijua tu kwamba walikuwa watu wa kwetu.

Baba mkubwa, kaka wa baba, alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda, akamwambia mama ni vizuri kuweka matanga.

"Nani alimwona?" mama akauliza.

"Mama Kabula, watu hawarudi toka huko."

"Nimeuliza nani alimwona, shemeji."

Matanga hayakuwekwa. Kila jioni mama alisonga ugali wa kiasi kilekile cha siku baba alipokuwepo, na uliobaki tuliula asubuhi na maziwa ya mgando. Alipoulizwa sokoni, alijibu, "Yuko kazini." Watu wakaacha kuuliza. Hilo nililiona likimuumiza zaidi.

Alasiri moja tulikuwa tunachambua pamba barazani, nyeupe huku, chafu kule, nikamweleza mama habari za Bwana Taratibu. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyopenda kueleza mambo mpaka leo: jinsi maji yalivyomfunika, jinsi kofia ilivyobaki, na jinsi alivyorudi akiwa kijana.

Mikono ya mama ilisimama. "Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona, mama."

"Ni yuleyule, au mtu anayefanana naye?"

"Yuleyule. Hata kidevu."

Jumamosi ikafika, akajitwika debe la mtama, akaniambia tunakwenda mashineni. Nilishangaa, kwa sababu unga ulikuwepo nyumbani, nilikuwa nimeusaga mwenyewe siku tatu nyuma. Alikuwa hajawahi kukanyaga banda lile video ikiwaka. Alikalia debe lake mlangoni kati ya wanawake wengine, akavuta kanga mabegani, akatazama video yote bila kupepesa. Mara moja tu aliinama kuniuliza, "Ndiye?" nami nikatikisa kichwa kukubali.

Siku hiyo Bwana Taratibu alikuwa ofisa wa jeshi mwenye masharubu meusi. Alipigwa risasi mlangoni kwake, akashuka ukutani polepole, akakaa kama mtu aliyechoka, macho wazi. Mkanda ukachomoka kwenye dinamo, picha ikanywea ikawa nukta. Wachimbaji wakapiga miluzi. Mama akasimama.

"Masele, mwadila," alimsalimia kwa Kisukuma, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Huyu ndiye aliyefunikwa na maji?"

"Ndiye, Mama Kabula."

"Alitokaje?"

Mabenchi yakacheka. "Huyo ana roho saba, mama," mmoja akasema. Mwingine akadakia, "Muulize anakonunua dawa, na sisi atuagizie."

Masele hakucheka. Alichukua mkono wa shati akafuta kioo, ingawa hapakuwa na picha ya kutazama. "Hakufunikwa," alisema. "Ile ni kazi yake. Anajiangusha, wanampiga picha, halafu anaamka, anajikung'uta, anakwenda kula. Wiki nyingine wanamwita anajiangusha kwingine."

"Kwa hiyo hajafa hata mara moja."

"Hata mara moja."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomtoa nyumbani na debe la mtama usiohitaji kusagwa. "Na kule kwenye duara la Baba Kabula? Wewe umefanya kazi kule."

Aliyekuwa ametaja dawa akainamisha kichwa. Masele alikaa kwenye ukingo wa mashine, mguu wake mbovu mbele, unga umemjaa kwenye nyusi.

"Kule hakuna anayejiangusha, Mama Kabula," alisema. "Lile duara nimelishuka. Likibomoka, limekaa. Halikufukuliwa."

"Umeuliza?"

"Siku ileile dereva alipokuja niliwauliza wachimbaji waliotoka huko. Alikuwa chini. Nimekuwa nikingoja uniulize."

Mama akainama kuchukua debe. Mwanamke mmoja akamwambia, "Mtama wako bado." Akajibu, "Utasagwa siku nyingine," akajitwika, nami nikamfuata. Njia nzima hakulia. Alitangulia, nami niliitazama shingo yake, imenyooka chini ya debe lile.

Kesho yake alimwita baba mkubwa. Matanga yakawekwa, tukanyolewa nywele, watu wakaja toka vijiji ambavyo sikuvijua, na jioni ya mwisho ugali ulisongwa mdogo. Nilimchukia Masele msimu mzima wa kilimo. Nilisagisha asubuhi na kuondoka. Nilimwona kama ndiye aliyemzika baba.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kiingereza nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na magazeti yaliyofungiwa maandazi, na sasa ninauza vipuri vya cherehani hapa Kahama, upande wa kuelekea Buzwagi. Miaka michache iliyopita nilimtafuta Bwana Taratibu kwenye simu, video moja baada ya nyingine, mpaka nikapata jina lake. Alikuwa mtoto wa muuza samaki katika mji wa pwani. Alianza kwenye jukwaa akiwa kijana, akifagia, kisha akapewa nafasi za mtumishi anayeleta barua na kutoka. Miaka mingi alisimama jukwaani kila jioni, na katika mchezo mmoja alikufa kila jioni kwa misimu miwili, mbele ya watu waliokaa karibu naye kiasi cha kumwona anapumua. Sinema zilimpata nywele zikiwa bado nyeusi, na zikamtaka adui kwa sababu ya sauti ile. Aliacha kazi maneno yalipoanza kumtoroka. Alifariki kitandani, mke wake akiwa chumbani.

Nilipowasimulia wanangu, walinisikiliza sikio moja likiwa na kidude cha muziki. Wao video huivusha mbele wakafika mwisho, wakajua nani anabaki, ndipo wanaamua kama inafaa kuitazama. Wanajua umri wa msanii, ugomvi wake na mchumba wake, hata jina la mbwa wake. Ukiwaambia kwamba tuliamini mtu amefufuka, wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao. Kweli inachekesha.

Lakini mwaka jana jirani yangu alikuwa anapepeta mchele uani, mwanawe yuko kwenye machimbo ya Mwakitolyo. Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa picha ya mwanawe, iliyotumwa kwenye kundi la familia na mtu aliyekuwa pale pale shimoni, udongo bado mbichi. Ungo ukamtoka mikononi. Kati ya kijana kuwa hai na kijana kuwa marehemu, mama yule hakupata hata muda wa kumaliza mchele.

Enzi zetu habari ya namna hiyo ilikuja kwa lori, na barabara zilikuwa mbaya. Ilikawia, ikapotea, ikafika bila majina. Tuliumia kwa kukawia kwake, sikatai. Lakini kwa msimu mzima wa pamba, baba aliyekuwa tayari amelala chini ya udongo wa Geita alikuwa bado yuko kazini, na nyumbani kwetu aliwekewa ugali wake kila jioni.