Maungio ya Delmar Combs

Delmar Combs, jirani yangu hapa Dayton kwa miaka ishirini na sita, alianza kukohoa kabla sijamfahamu. Alitoka Kentucky akiwa na miaka kumi na tisa, akaajiriwa kiwandani kupiga msasa bodi za magari ya michezo, yale ya viti viwili, ya faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo, ambayo vijana wa wakati ule waliyaota usiku na mchana. Bodi ilimfikia vipande vyake vimeshaunganishwa kwa gundi. Yeye alitakiwa kusawazisha maungio yasionekane chini ya rangi. Alipewa dakika nne. Kazi yenyewe ilitaka ishirini.

"Sukuma hiyo, Delmar," msimamizi alikuwa akimwambia. "Mnunuzi ataangalia taa. Nani atachungulia maungio?"

Basi akazisukuma, maelfu kwa maelfu. Na kila alipoliona mojawapo ya magari hayo barabarani, jua limelipiga ubavuni na mistari imejitokeza, aligeuza uso. Mimi ningejigamba mtaa mzima kwamba hilo nimelitengeneza mimi. Yeye aliona aibu, na aibu hiyo akaibeba mpaka akastaafu, mapafu yakiwa yamechakaa.

Alipostaafu akanunua moja la mwaka 1958, lililokuwa limegeuzwa banda la kuku katika ghala la mkulima. Alilifufua kwa miaka kumi na moja. Injini ilimchukua miaka miwili. Iliyobaki ilikwisha kwenye msasa. Daktari alimkataza vumbi. Mkewe, Oleta, alimkataza, nami nikamkataza. Alitusikiliza vizuri sana kisha akarudi gereji. Mwishowe Oleta akamwekea sharti: alipeleke kwenye maonyesho ya Julai ya klabu ya magari ya zamani, achukue huo utepe wa ushindi wa daraja la kwanza anaoutaka, na baada ya hapo asiguse msasa tena maisha yake yote. Akakubali.

Walikwenda na hilo gari lao jekundu, nami nikawafuata na langu bovu. Pale uwanjani nilipitisha kiganja ubavuni, toka taa ya mbele hadi ya nyuma, sikuhisi hata mkwaruzo. Jaji wa klabu, bwana mmoja aitwaye Lindahl, alipiga magoti na tochi yake, akaandika, akasogea, akaandika tena. Alipoinuka, utepe ulikuwa umekosekana kwa pointi mbili.

"Kazi safi, mzee," alisema. "Tatizo ni safi mno. Maungio hayaonekani. Sisi tunapima gari kama lilivyotoka kiwandani, na kiwandani yalikuwa yanaonekana."

"Najua," Delmar alisema. "Niliyekuwa nayapiga msasa ni mimi."

Lindahl alifurahi kwelikweli, akampa mkono. "Kumbe! Basi wewe unajua kuliko sisi sote. Yarudishe vile ulivyokuwa ukiyaacha, mwakani utepe ni wako."

Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Ningejua wa kumtukana, ningemtukana.

Tukakaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya gari. Oleta alitoa mikate ya soseji, hakuna aliyekula. Sote watatu tulikuwa tukiwaza jambo moja: mwaka mwingine wa vumbi, na mapafu yale.

"Utayarudia?" Oleta aliuliza, bila kumtazama.

Delmar alikohoa kwa muda mrefu kabla ya kujibu. "Nilidhani wanunuzi hawakuiona ile kazi mbovu. Kumbe waliiona, wakaipenda." Akajifuta mdomo. "Hapana, mke wangu. Sirudii. Nimechoka."

Oleta alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka kumi na moja, hata kuliombea kanisani aliliombea. Sasa alimshika mkono, akalia, akamwambia kama wangekuwa na mwaka mmoja tu wa mapafu mazuri, angemshikia taa mwenyewe kule gereji apige msasa.